Si jeuri, wala si mapepo: tuwaelewe watu wenye Asperger kati yetu

Kijana huyo ana miaka 19. Familia yake ilitoka eneo la Masisi, ikakaa kambini pembeni ya Goma, na kambi zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025 ikapokelewa na familia moja ya hapa mjini, watu kumi na mmoja katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Siku ya kwanza kijana alipita mbele ya mlango wa jirani wakati wa chakula. Jirani akasema kama tunavyosema wote: "Karibu tukule." Kijana akanawa mikono, akakaa, akala. Siku ya pili akapita saa ileile, akakaribishwa tena, akala tena. Siku ya tatu jirani alinyamaza, lakini kijana akakaa tu, kwa sababu kwake yeye alikuwa amekwisha kukaribishwa. Kabla ya majuma mawili kwisha, avenyu nzima ilikuwa ikisema kwamba wale wahami wamelea mtoto mlafi asiye na haya. Mwenye nyumba akamuomba mama yake atafute mahali pengine.

Mama huyo alinikuta nje ya redio baada ya kipindi cha asubuhi. Hakuja kuomba tangazo. Alitaka kujua kama kuna njia ya kuwaeleza watu kwamba mwanawe haibi, hapigani, hadanganyi, na hata hivyo kila mahali wanapofika anachukiwa upesi. Muganga mmoja wa mambo ya akili alikuwa amekwisha kumuona kijana na kumwambia mama jina la hali yake: Asperger. Mama alikuwa ameliandika kwenye kipande cha karatasi ili asilisahau. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza waganga na walimu, nimeongea na kijana mwenyewe. Leo natoa maoni yangu, kwa ruhusa yao, bila kutaja majina.

Asperger ni aina moja ya usonji, ile hali ambayo wengi hapa kwetu wameisikia kwa Kifaransa kama autisme. Mtu anazaliwa nayo. Ubongo wake unapokea maneno, sauti na nyuso za watu kwa namna tofauti na wengi wetu. Hachelewi kusema akiwa mtoto, na akili yake haina upungufu. Pengine shuleni anawapita wenzake. Ndiyo maana watu hawaoni ulemavu wowote, wanaona tabia mbaya tu.

Jina hilo lilitoka kwa Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, Austria, ambaye mwaka 1944 aliandika kuhusu wavulana wenye maneno mengi na akili, lakini walioshindwa kuchangamana na wenzao. Mwaka 1981 daktari Lorna Wing wa Uingereza ndiye aliyelifanya lijulikane. Siku hizi madaktari hawaihesabu Asperger kama hali ya peke yake: Wamarekani waliiunganisha na usonji mwaka 2013, na orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inafanya vilevile. Watafiti wameonyesha pia kwamba daktari Asperger alishirikiana na utawala wa Wanazi, na kwamba baadhi ya watoto walemavu walipelekwa kwa mkono wake kwenye kliniki ambako watoto waliuawa. Kwa sababu hiyo wapo wanaolikataa jina lake. Mimi nalitumia hapa kwa kuwa ndilo lililo kwenye karatasi ya mama yule.

WHO imekadiria kwamba karibu mtoto 1 kati ya 100 duniani ana usonji wa aina moja au nyingine. Shule ya watoto 500 inaweza basi kuwa nao watano. Kwa hiyo, msikilizaji wangu, usifikiri ninasema habari za Ulaya. Huenda unamjua mmoja, ila umezoea kumwita mjeuri, mpumbavu, au mtu wa ajabu.

Tuangalie maisha yake kati ya watu yakoje. Jambo la kwanza ni maneno. Sisi tunasema vitu vingi ambavyo hatuvimaanishi. "Karibu tukule" mara nyingi ni salamu. Ukisema "nakuja" huku unaondoka, sote tunaelewa. "Kesho tutaonana" si ahadi. Ukimwambia mgeni usiku "sasa umeanza kuchoka", unamwambia aende kwake. Hakuna aliyetufundisha hayo darasani. Tuliyaokota tukiwa watoto, bila kujua kwamba tunajifunza. Mtu mwenye Asperger hakuyaokota. Yeye anashika neno lenyewe. Ukimwambia kesho tutaonana, kesho atakuja, atakaa kwenye jiwe mbele ya mlango wako kuanzia saa moja asubuhi, na usipotokea atajiuliza amekukosea nini.

Vilevile ukimuuliza swali atajibu swali. Kijana yule alienda kwenye matanga pamoja na mama yake. Mtu mmoja akauliza kwa uchungu, kama tunavyouliza kilioni, jamani ndugu yetu amekufa kwa nini. Kijana akajibu mbele ya wote kwamba amekufa kwa sababu walichelewa siku tatu kumpeleka hospitali. Ilikuwa kweli, na kila mtu pale alijua. Walimtoa nje. Yeye mpaka leo anasema aliulizwa.

Jambo la pili ni salamu zenyewe. Hapa kwetu wanaume wakikutana wanagusanisha vichwa, upande huu, upande ule, mara tatu, wanashikana mikono muda mrefu, wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za usiku, za kazi. Kwa wengi hiyo ni furaha ya siku. Kijana huyo aliniambia kwamba kichwa cha mtu kikigusa chake anahisi kama amepigwa, na kwamba wakati wa maswali yale anahesabu moyoni ili asikimbie. Akirudi nyuma, wanasema anajiona. Akisalimia kwa kunyoosha mkono tu, wanasema hana heshima kwa wakubwa.

Tena kuna macho. Wengi wenye hali hiyo hawawezi kumtazama mtu usoni na kumsikiliza kwa wakati mmoja. Wakitazama, maneno yanapotea. Wakisikiliza, inabidi waangalie chini au pembeni. Kwa mtoto, desturi yetu inamficha: mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anasifiwa kwa adabu. Akifika miaka 18 macho yaleyale yanakuwa ya mtu anayeficha kitu. Wasichana wanafichwa zaidi. Msichana mkimya, anayefanya kazi bila kuongea na anayeiga dada zake kila wanachofanya, nani atamuuliza kitu? Waganga wanasema wasichana wengi wanajulikana wakiwa wakubwa au hawajulikani kabisa, kwa sababu wanajifunza kuiga. Jioni wamechoka kama mtu aliyebeba mzigo mlimani, na hakuna aliyeuona mzigo.

Jambo la tatu ni kelele na msongamano. Aliyeishi chini ya bashi anajua mvua inavyopiga usiku. Weka juu yake watoto wanaolia, pikipiki zinazopiga honi, jenereta, na chumba cha sala chenye kipaza sauti mpaka alfajiri. Sisi tunaudhika. Kwa mtu mwenye Asperger sauti hizo zinaweza kuingia zote kwa nguvu moja, bila yeye kuweza kuchagua ipi asikilize. Ndiyo sababu unamuona ameziba masikio, au ametoka usiku kukaa peke yake juu ya mawe ya volkano, au amelipuka kwa hasira kwa kitu kidogo. Mwingine hasemi tena hata neno kwa saa nzima. Hajafanya mgomo. Amejaa.

Sasa watu wanahitimisha kwamba hapendi wenzake. Hapo ndipo tunapokosea zaidi. Kijana huyo anataka rafiki kuliko kitu chochote. Njia anayoijua ya kuomba urafiki ni kukupa kile anachokijua, na anachokijua ni Nyiragongo. Atakuambia kwamba mlima huo una mita 3,470, kwamba uliwaka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na kwamba siku hiyo ya mwisho ilikuwa Jumamosi jioni. Atakueleza kwa nini lava yake inakimbia upesi kuliko ya milima mingine mingi. Hataona kwamba umechoka, kwa sababu kuchoka kwako kuko usoni mwako, na yeye hausomi uso. Ukimwambia kwa upole, "sasa nimechoka, tuendelee kesho saa nne," atanyamaza bila chuki. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Watu walimcheka, au waliondoka.

Nataka kuongea sasa na familia zilizohama, kwa kuwa naamini ninyi mnaweza kumuelewa kuliko wengine. Kumbukeni siku mliyofika. Hamkujua robine ya avenyu inafunguliwa saa ngapi na nani anatangulia kuteka. Hamkujua ni mama gani lazima asalimiwe kwanza, wala ni neno gani la kijijini kwenu linalochekesha watu wa mjini. Mlifanya makosa, na hakuna aliyewaambia ni kosa gani. Mliona tu nyuso zimebadilika. Mliambiwa wahami hawana adabu. Mlijua moyoni kwamba adabu mnayo, ila ni ya mahali pengine.

Nanyi wa Goma mnayajua hayo. Tarehe 27 Mei 2021, baada ya volkano, mliambiwa muondoke, mkaenda Sake, mkaenda Minova, wengine Bukavu na ng'ambo ya mpaka, mkalala kwa watu msiowajua. Mtu mwenye Asperger anaishi siku ile ya kwanza ya ugeni kila siku, hata katika nyumba aliyozaliwa. Tena hana kijiji cha kukumbuka ambako alieleweka.

Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili. Tunasema mtu huyo hatuelewi. Lakini sisi tunamuelewa? Tunajua kwa nini ametoka nje usiku? Nakubaliana na Milton kabisa. Tukiwa wengi, tunaita desturi yetu adabu na ya mwingine ugonjwa, na kazi yote ya kujirekebisha tunamwachia yule aliye mmoja.

Katika nchi yenye amani kosa kama hilo linaleta upweke. Kwetu linaweza kuleta kifo. Fikirieni barieri. Mwenye silaha anasema, "Leta mayi." Kila msafiri anajua mayi hayo yana bei gani. Kijana yule alijibu, "Sina mayi, komanda. Robine iko kule chini." Alisema ukweli huku akiangalia chini, hakucheka, na mikono yake ilikuwa inatikisika kama inavyofanya akiwa na hofu. Walidhani anawadharau, kisha wakadhani ni mpelelezi. Mama yake alipiga magoti na kuwaeleza, na siku hiyo waliwaachia. Mara ngapi ataweza kufika kwa wakati?

Hatari nyingine iko karibu zaidi, inakaa nasi katika maombi. Mtoto asiyetazama watu, anayeongea peke yake, anayetoka usiku, anayesema ukweli unaowaudhi wakubwa, upesi anaitwa mwenye mapepo au mchawi. Wapo watoto waliofungishwa kula siku nyingi, waliopigwa, waliotupwa barabarani kwa sababu kama hizo. Mimi ni Mkristo, naamini maombi. Ombeni na mtoto, mwombeeni. Lakini kumnyima chakula, kumfunga au kumpiga ili atazame watu machoni ni ukatili tu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Hali hiyo haitokani na laana, wala na malezi mabaya ya mama, wala na chanjo. Chanjo zilichunguzwa katika nchi nyingi na hazikuonekana kuwa chanzo. Msiwakoseshe watoto chanjo ya surua kwa uvumi huo.

Waganga walinionya pia nisichanganye mambo mawili. Vita navyo vinanyamazisha watoto. Mtoto aliyeona nyumba ikiwaka au ndugu akiuawa anaweza kukimbia watu, kushtuka kwa kelele, kukataa kuongea. Swali la kumuuliza mama ni hili: alikuwa hivi tangu akiwa mdogo sana, au alibadilika baada ya siku fulani? Kama alibadilika, huenda ni kidonda cha vita, na kinaweza kutibiwa. Kama alikuwa hivyo tangu mwanzo, huenda ni usonji. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, maana vita havikuchagua. Anayeweza kupambanua ni mganga aliyesomea hayo. Hapa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME. Hamtapewa dawa ya kuondoa Asperger, kwani haipo. Kinachosaidia ni kumfahamu na kumfundisha.

Najua jibu la wengine: tuna njaa, tuna risasi, watoto hawasomi, na wewe unatuletea habari za mtu asiyejua kusalimu? Nakubali njaa ni kubwa. Lakini familia ile ilipoteza paa kwa ajili ya sahani ya fufu na maneno mawili ambayo hakuna aliyeyaeleza. Hakuna shirika linaloandika hasara kama hiyo kwenye orodha yake. Na dawa ya hasara hiyo haihitaji lori wala ndege.

Kwenye familia, ninaomba mseme wazi. Msimwambie "nyumba iko chafu". Mwambieni "chukua ufagio, fagia chumba hiki sasa". Mwelezeni desturi kama mnavyomweleza mgeni: mtu akisema karibu tukule, unajibu "aksanti, nimeshiba", isipokuwa akikuvuta mkono au akikuletea kiti. Kabla ya safari fanyeni mazoezi ya barieri: simama, onyesha mikono, sema jina lako, mwache mama aongee. Mtafutieni kona yenye utulivu, hata kama ni nyuma ya nyumba, na mumwache hapo akijaa.

Kwa machefu wa avenyu na wale wanaoandika majina ya msaada: kijana aliyetoka mstarini kwa sababu ya kelele na kusukumana asifutwe kwenye orodha. Mruhusuni ndugu yake achukue kwa niaba yake. Wenye ulemavu si wale tu wenye magongo na miwani nyeusi. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na kifungu cha 49 cha Katiba yetu kinawapa ulinzi maalum. Sheria hizo zisomwe hata kwa ulemavu usioonekana.

Kwa walimu: mtoto anayekusahihisha mbele ya darasa huenda hakudharau, huenda ameona tu kwamba umekosea tarehe. Mwite pembeni, mwambie lini na namna gani anaweza kukuambia. Na kwa wachungaji, ambao neno lenu linapita la redio: semeni Jumapili moja tu kwamba si kila anayekaa kimya ana pepo. Mtaokoa watoto.

Familia ile ilipata mahali pengine, upande wa pili wa mji. Mama mwenye nyumba hakusoma kitabu chochote. Alisikiliza mama mwenzake nusu saa, kisha akamwita kijana, akamuonyesha sahani ya bluu na kumwambia: sahani yako ni hii, tunakula saa kumi na mbili jioni, kwa jirani unasema umeshiba, na usiku ukitaka kutoka unakaa pale mlangoni, usipite barabara. Nilipowatembelea, alikuwa amekaa palepale mlangoni. Watoto wanne wa avenyu walikuwa wamemzunguka, mwekundu wa Nyiragongo ukionekana juu ya mawingu, na mmoja wao alikuwa anamuuliza kama mlima utashuka usiku huo. Alimjibu alichokijua, kwa mita na kwa tarehe, na mtoto akaenda kulala.